Saa za vinasa data: dhana potofu zinazotupotezea vipimo

Chukua mota ya kiwanda kimoja huku Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila milisekunde 40. Umefunga kinasa data kimoja (kifaa kinachopima na kuhifadhi vipimo pamoja na saa yake) kwenye mota na kingine kwenye pampu inayoendeshwa nayo, vyote kwenye Etheneti, yaani mtandao wa kebo. Saa zao zikipishana milisekunde 5 tu, mitikisiko miwili unayoilinganisha imepishana nyuzi 45 za mzunguko. Fundi atafungua kapilingi, kiungo cha mota na pampu, ambayo haina kosa lolote.

Dhana: “Swichi ni ya gigabiti, kwa hiyo vipimo vinalingana.”

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Swichi ni kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao. Gigabiti inakueleza ni biti ngapi zinapita kwa sekunde, haikuelezi kipimo kilichukuliwa lini. Data husafiri kwa mafungu yaitwayo pakiti. Pakiti kubwa ya kawaida, ya baiti 1,500 hivi, huchukua mikrosekunde 12 kupita kwenye gigabiti na 120 hivi kwenye megabiti 100. Pakiti yako ikikuta nyingine mbele yake inasubiri, na kusubiri huko hakufanani kila mara. Kompyuta ikiandika saa pale data inapoingia, imeandika saa ya kufika. Muhuri wa saa unatakiwa ugongwe ndani ya kinasa chenyewe, sampuli inapochukuliwa.

Dhana: “Nilishaziseti zote asubuhi.”

Saa ya kifaa inategemea kipande cha kwatzi kinachotetemeka. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni la kawaida kabisa, nalo linazaa sekunde 1.7 kwa siku. Kisha kuna joto: kabati lililo chini ya bati mwezi Januari na lile la chumba chenye kiyoyozi hayatakwenda pamoja hata kama vifaa ni vya aina moja. Saa lazima zirekebishwe muda wote.

Dhana: “Tumewasha PTP, imetosha.”

Hapa naomba tukae kidogo. NTP na PTP ni njia mbili za kulinganisha saa kupitia mtandao, PTP ikiwa ndiyo sahihi zaidi. Zote hupima safari ya ujumbe ya kwenda na kurudi, kisha hugawanya kwa mbili. Sasa fikiria daladala ya Mbagala kwenda Posta asubuhi. Kuingia mjini ni foleni, kutoka mjini njia nyeupe. Ukijumlisha dakika zote na kugawanya kwa mbili, jibu lako ni kosa kwa pande zote. Kwenye mtandao ni hivyo hivyo: upande mmoja ukichelewa kuliko mwingine, saa yako inakosea kwa nusu ya tofauti hiyo.

Ndiyo maana kiwango cha PTP, yaani IEEE 1588, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, kina swichi zake. Swichi ya aina hiyo huandika pakiti imekaa kwake muda gani, kama konda anayenukuu dakika za kila kituo, ili mpokeaji aziondoe. Ukiweka swichi ya kawaida katikati, PTP itafanya kazi, ila usahihi utayumba kila data inapojaa. Na vinasa vyenyewe viwe na uwezo wa kugonga muhuri kwenye maunzi ya mtandao. Hapo ndipo chini ya mikrosekunde moja kunafikika. Kama unapima joto la tangi kila dakika, NTP inakutosha, usiingie gharama.

Kukata kebo zote zilingane urefu nako ni kupoteza waya. Ishara hupita mita moja kwa nanosekunde 5 hivi. Mita 100 ni nusu mikrosekunde tu, na PTP huipima na kuifidia.

Dhana: “Saa iliyo kwenye faili ni ya hapa kwetu.”

Kwa kawaida PTP hubeba saa ya TAI, yaani saa ya atomiki ya kimataifa, ambayo tangu 2017 iko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia inayotumiwa na NTP, kwa sekunde 37. Kinasa kisipoambiwa tofauti hiyo, faili zake hazitalingana na za kinasa cha NTP. Halafu Dar iko mbele ya UTC kwa saa tatu, na sisi tunahesabu kuanzia asubuhi. Opereta akiandika “pampu imeanza kupiga kelele saa 1 asubuhi”, kwenye faili ya UTC itafute 04:00.