Je, wajua? Kwa nini anime ya 1988 inaweza kuwa na picha safi kuliko ya 2003

Filamu ya Akira, ambayo ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ilitoka Japani Julai 1988. Ilichorwa kwa mkono, ikapakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Mwaka 2020 ikatolewa upya kwenye diski ya 4K, na ukiiweka kwenye televisheni nzuri utaona picha ambayo anime nyingi zilizopakwa rangi kwa kompyuta miaka kumi na tano baadaye haziifikii. Watu wengi wakiambiwa hivyo hukataa. Kompyuta ishindwe na brashi?

Jibu liko kwenye jambo ambalo jalada la diski halilitaji: siku filamu ilipokamilika, picha yake ilihifadhiwa kwenye nini.

Zamani kila mchoro ulihamishiwa kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, iitwayo seli. Mistari ilikaa upande wa mbele, rangi ikapakwa upande wa nyuma ili isiifunike. Seli ililazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa brashi, kamera ikapiga picha moja, seli ikaondolewa, ikaja nyingine. Akira ilitumia seli zaidi ya 160,000. Mwisho wa kazi hiyo yote kilichobaki ni mkanda wa filamu wa milimita 35, na mkanda hauna piseli, vile vidoa vidogo vinavyounda picha ya kidijitali. Una chembechembe ndogo mno zilizoitikia mwanga, zimetapakaa bila mpangilio, na ndani yake mna mengi ambayo vifaa vya nyumbani vya wakati ule havikuweza kuyaonyesha.

DVD ya Japani au Marekani ina picha ya piseli 720 kwa 480. Diski ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani mara 24 zaidi. Mkanda ukiskaniwa upya kwa mashine ya leo, hakuna kinachobuniwa. Kinasomwa kilichokuwamo tangu 1988. Ndiyo maana katika Akira mpya unaona njia ya brashi kwenye kuta za maghorofa ya Neo-Tokyo, jiji la filamu hiyo, na mara mojamoja kivuli chembamba cha seli juu ya mandhari iliyo chini yake.

Halafu kuna zile taa. Pikipiki za Akira zikikata kona usiku, taa za nyuma huacha mstari mwekundu hewani. Taa za namna hiyo kwenye anime za seli mara nyingi hazikupakwa rangi. Mafundi waliziba fremu nzima kwa karatasi nyeusi yenye tundu lenye umbo la taa, wakamulika kwa chini, wakapiga picha mara ya pili juu ya mkanda uleule. Kwa hiyo mwanga ulioingia kwenye mkanda ni mwanga wa kweli. Diski za 4K zenye HDR, ambayo huruhusu sehemu angavu ing'ae zaidi bila kuchoma picha iliyobaki, zinaweza kuurudisha mng'ao huo. DVD iliugeuza kuwa doa jekundu tu.

Sasa tuje kwa anime za miaka ya 2000. Studio Ghibli, kampuni ya Kijapani ya kutengeneza anime, ilianza kupaka rangi kwa kompyuta katika sehemu ndogo ya filamu yake Princess Mononoke mwaka 1997. Kufikia filamu yake Spirited Away, mwaka 2001, seli zilikuwa zimeachwa. Tasnia nzima ilihama ndani ya miaka michache, na ilikuwa na sababu: vumbi halikai kwenye faili, rangi haibanduki, kosa hurekebishwa bila kupaka upya. (Programu ya Toonz iliyotumiwa na Ghibli ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016 kwa jina la OpenToonz. Kijana yeyote wa Mwanza au Mombasa mwenye kompyuta anaweza kuipakua bure.)

Lakini kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, na kila picha ililazimika kutengenezwa kwa kipimo kilichopangwa mapema. Filamu za sinema zilipewa kipimo kinachotosha ukumbi wa siku zile. Kazi za televisheni na za kuuzwa moja kwa moja kwenye diski mara nyingi zilipewa kile cha televisheni ya zamani. Kipimo hicho kikawa ndio mwisho. Hakuna mkanda wa kurudi kuuskani. Kampuni ikitaka kuuza toleo la 4K la kazi kama hiyo, inabidi programu ikisie piseli zilizokosekana. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, nyama ni ileile. Kwa upande mwingine, Princess Mononoke, ambayo kwa sehemu kubwa ilipigwa kutoka kwenye seli, ilirudi katika kumbi za IMAX, zile za skrini kubwa mno, mwaka 2025 ikiwa katika 4K.

Hata hivyo mkanda mzuri peke yake hautoshi, maana kati ya mkanda na sebule yako kuna watu wanaoamua. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibiwa, na hapa ndipo mimi huumia zaidi.

Uamuzi wa kwanza ni kuhusu zile chembechembe. Mtazamaji asiyezizoea huziona kama uchafu, hivyo wauzaji wengine hupitisha picha kwenye programu ya kuzifuta. Programu hiyo haijui chembe ni ipi na mstari wa penseli ni upi. Uso unakuwa laini kama plastiki, nywele zinaungana, na mstari wa nyusi uliokuwa mnene kisha mwembamba, kama mkono wa mchoraji ulivyoenda, unakuwa uzi wa unene mmoja. Kwenye anime mstari ndio uigizaji. Ukiufuta umemfuta mwigizaji. Toleo zuri huacha chembe zilipo, na macho huzizoea ndani ya dakika chache.

Uamuzi wa pili ni kubana faili. DVD hairuhusu picha kupita kasi ya megabiti 9.8 kwa sekunde, Blu-ray, diski iliyoifuata DVD, hufika 40, na diski za 4K huenda mbali zaidi ya hapo. Anime inaonekana rahisi kubana kwa sababu ina sehemu kubwa zenye rangi moja, ila kasoro zake huonekana upesi kuliko za filamu ya waigizaji. Tazama anga la machweo, pale rangi ya chungwa inapoingia polepole kwenye zambarau. DVD na Blu-ray huhifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Faili ikibanwa ovyo, machweo yanakatika vipande vipande kama mistari ya kanga. Diski ya 4K ina ngazi 1,024, na machweo yanateremka bila kukatika. Zile chembechembe nazo husaidia, kwa kuwa huvunja mipaka kati ya ngazi na ngazi. Ndiyo sababu toleo lililofutwa chembe mara nyingi ndilo lenye anga lenye mistari.

Uamuzi wa tatu ni rangi yenyewe. DVD ya Spirited Away iliyouzwa Japani mwaka 2002 ilikuwa na wekundu uliofunika filamu nzima. Mawingu na mashati meupe vyote vilielekea waridi. Wanunuzi walilalamika sana, na wengine walifika mahakamani. Blu-ray ilipotoka Japani mwaka 2014 wekundu ule haukuwapo, weupe ukawa weupe. Hadithi ile, sauti zile, lakini asubuhi ya filamu ilikuwa asubuhi tena.

Na kwetu Kenya, Tanzania na Uganda kuna jambo la kasi. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL wenye picha 25. DVD za PAL hutatua hilo kwa kuiharakisha filamu, na ya dakika 125 inaisha kwa dakika 120. Sauti nazo hupanda kidogo zisiporekebishwa. Blu-ray inaweza kubaki na picha 24.

Tukija kwenye nyongeza, nyingi ni za kujazia tu: vionjo, matangazo ya runinga, mahojiano ya dakika tatu ambayo kila mtu anamsifu mwenzake. Moja lakini inanifanya nitafute diski hata ya filamu ninayoijua kwa moyo, nayo ni ile ya matoleo ya Ghibli ambapo filamu yote huoneshwa kwa michoro ya mpango wa awali, ikienda pamoja na sauti ya filamu iliyokamilika. Michoro hiyo hupangwa kwenye ukurasa kutoka juu kwenda chini: namba ya tukio, picha, maelezo ya kitendo, maneno, na pembeni sekunde. Hayao Miyazaki, mwongozaji wa Spirited Away na Princess Mononoke, huichora mwenyewe, na hujulikana kwa kuanza kutengeneza filamu kabla hajamaliza kuchora mwisho wake. Ukitazama Spirited Away hivyo, unamwona Chihiro, msichana mhusika mkuu, akikimbia kwa mistari michache ya penseli, na kwenye tukio linalofuata unaona kipi kilifika sinema kama kilivyokuwa na kipi kilibadilishwa njiani. Hakuna mahojiano yatakayokufundisha hivyo.

Lugha pia ni sehemu ya ubora. Princess Mononoke ilipoandaliwa kwa DVD ya Marekani mwaka 2000, mpango wa kwanza ulikuwa sauti ya Kiingereza tu. Mashabiki walipinga, toleo likaahirishwa, na diski ikatoka Desemba ikiwa na Kijapani pia. Bado leo inafaa kukagua manukuu: kuna diski ambazo maandishi yake yamenakiliwa kutoka sauti ya Kiingereza, hivyo mhusika anasema sentensi fupi ya Kijapani na wewe unasomeshwa maneno yaliyotungwa ili yaendane na midomo.

Kwa anayetaka kuagiza: diski nyingi hufungwa zichezwe kwenye mashine za ukanda fulani wa dunia tu. DVD za Japani ni za ukanda wa 2, wakati Afrika Mashariki iko ukanda wa 5. Blu-ray za Japani ni A, zetu ni B, na diski ya A haitachezwa kwenye mashine iliyofungwa kwa B. Uingereza na Ulaya ziko B kama sisi, kwa hiyo Blu-ray za huko hazina shida hiyo. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda, lakini Blu-ray ya kawaida inayokuja ndani ya boksi hilohilo huweza kufungwa, na mara nyingi nyongeza zimewekwa huko. Soma nyuma ya boksi kabla ya kulipa, na uangalie kama manukuu ya Kiingereza yapo, maana diski nyingi za Japani hazina.