Baiskeli Ikishafungwa Injini ni Chombo cha Moto

Malalamiko kuhusu baiskeli za injini za kuunda mtaani yanazidi kutufikia sisi wakaguzi wa vyombo vya moto hapa Dodoma: kelele za usiku, watoto kukoswakoswa, abiria kuunguzwa mguu na ekzosi. Vijana wanaoziunda si wahalifu. Wengi ni mafundi hodari. Wamechukua injini ya pampu ya kumwagilia bustani au ya mashine ya kukatia nyasi, wakaifunga kwenye Phoenix ya mzee, ikatembea. Kazi hiyo tunaiheshimu. Ila sisi wakaguzi tukiletewa chombo hatuanzi na kinavyotembea, tunaanza na kinavyosimama.

Chukua baiskeli ya kawaida inayokwenda kilomita 15 kwa saa. Ukiipandisha hadi 45, mwendo umeongezeka mara 3, lakini nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza imeongezeka mara 9. Kwa mwendo huo unakata mita 12 na nusu kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayopita tangu uone hatari mpaka mkono ubane breki. Raba mbili ndogo zinazobana rimu hazikuundwa kwa mzigo huo. Zikilowa mvua za Januari ndiyo kabisa hazishiki. Spoki nazo hulegea kwa mtikisiko wa injini. Fremu ikichomelewa, bomba lake jembamba hudhoofika pembeni ya mchomeleo, na huwezi kujua mpaka siku litakapokatika.

Chupa ya maji ya kunywa si tenki. Joto huilainisha, mpira wa petroli huchomoka, na petroli ikidondokea injini yenye moto, aliyekaa juu yake ndiye anayeungua.

Wanaofunga mota ya umeme nao wasijione wamesalimika. Betri za lithiamu zilizookotezwa kwenye kompyuta mbovu, zikaungwa bila kidhibiti cha chaji wala fyuzi, zinaweza kulipuka moto, na moto huo huweza kuwaka upya hata baada ya kuzimwa. Usizichaji chumba unacholala, wala karibu na mlango wa kutokea.

Sasa sheria, maana jibu tunalopewa kila siku ni lilelile: "Afande, hii ni baiskeli tu." Hapana. Inayoisukuma ni injini, na kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hicho ni chombo cha moto. Kinahitaji usajili, na mwendeshaji anahitaji leseni ya daraja la pikipiki na kofia ngumu. Usajili hufanywa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na maombi hudai namba ya chesisi (fremu) na namba ya injini. Hapo ndipo wengi hukwama. Tafadhali usijichongee namba kwenye fremu. Unatoka kwenye kosa moja unaingia kwenye kosa zito zaidi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169. Usipokuwa nayo, ukimgonga mama anayevuka pale Sabasaba, matibabu na fidia vyote viko juu yako na familia yako. Faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini ni kwa kila kosa, na mtu mmoja akisimamishwa mara moja anaweza kukutwa na makosa matatu.

Wapo pia wanaosema wanapita barabara za vumbi tu. Sheria haikutungwa kwa ajili ya lami peke yake, na mtoto anayecheza mtaani kule Nkuhungu yuko kwenye vumbi hilohilo.

Mwenye nia ya kuendeleza ubunifu wake ajaribie kwenye eneo lililofungwa, si barabara ya Singida yenye malori. VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo wapo hapahapa Dodoma, na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ina jukumu la kulea wabunifu. Anayetaka ushauri wa mkaguzi kuhusu breki na fremu anakaribishwa. Akilete chombo kwa kukisukuma au kukipakia kwenye guta. Asije amekipanda, maana njiani hapo tayari anaendesha chombo kisichosajiliwa.