Lanji: Dumu Likihama Mkono, Kazi Inahama Ubavu

Wengi hupiga lanji, yaani hatua ndefu kisha kushuka huku magoti yote mawili yakikunjwa, kwa ajili ya mapaja na makalio. Hawakosei. Vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha kuwa lanji ya kawaida, bila kubeba kitu, haiisumbui sana misuli ya tumbo. Planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, inaishinda kwa mbali. Ukitaka kiwiliwili nacho kifanye kazi, usikimbilie vyuma vizito. Badilisha mahali uzito unapokaa.

Chukua dumu la lita 5 lililojaa maji, takriban kilo 5. Lishike kwa mkono wa kushoto uliouning'iniza, kisha tanguliza mguu wa kulia. Dumu linakuvuta uinamie kushoto, na wanaokataa ni misuli ya ubavu wa kulia, pamoja na ile ya ndani zaidi inayounganisha ubavu wa chini na nyonga. Msuli wa kando ya nyonga ya kulia nao unakaza, ili kiuno kisishuke upande wa kushoto. Sasa hamishia dumu mkono wa kulia, mguu ukiwa uleule: ubavu wa kushoto ndio unaohenyeka, na nyonga ya kulia inapata nafuu. Madumu mawili, moja kila mkono, yanachosha miguu zaidi, lakini yanasawazishana, hivyo ubavu hauna la kupinga.

Umbali nao una hesabu yake. Kilo 4 zikishikwa sentimita 60 mbele ya uti wa mgongo huupinda mara tatu kuliko zikiwa sentimita 20, karibu na kifua. Misuli ya mgongoni ndiyo inayolipa. Kuinamia mbele kidogo kuanzia nyongani huongeza kazi ya makalio na ya misuli hiyohiyo, mradi mgongo usijikunje. Kugeuza kifua kuelekea mguu wa mbele huamsha misuli ya mshazari ya tumbo. Goti lisifuate kifua.

Anayeanza apige hatua ya kurudi nyuma. Ya mbele inadai ujizuie unapotua, kisha ujisukume kurudi, na hapo ndipo kiwiliwili huyumba.

Kosa la kwanza ni kuweka nyayo kwenye mstari mmoja. Ziache upana wa nyonga. La pili, ambalo wengi hawalioni bila kioo, ni kiuno kubonyea kwa ndani. Hatua ikiwa ndefu mno, misuli ya mbele ya nyonga ya nyuma huvutika na kulivuta fupanyonga. Fupisha hatua, kaza kalio la mguu wa nyuma. Usibane pumzi, hasa mwenye shinikizo la damu: vuta ukishuka, toa ukipanda.

Seti 2 au 3, marudio 8 kila mguu, pumzika sekunde 60 hadi 90, mara mbili kwa wiki. Ukianza kupinda kiwiliwili upande wowote, punguza maji kwenye dumu. Maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi ni sababu ya kuacha na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.