"Daraja lipo, wanavuka chini kwa uzembe wao": maneno ya barabarani ambayo sio kweli

Kila mradi wa kutanua barabara ukitangazwa hapa Dar utasikia maneno yaleyale kuhusu waenda kwa miguu na watu wa baiskeli, na mengi sio kweli. Ubaya ni kwamba wanaochora barabara nao wanayasikia na wengine wanayaamini, mwisho wa siku mchoro unatoka umejaa leni za magari na anayetembea anaachiwa vumbi la pembeni. Nianze na lile linaloniuma zaidi.

Watu wanasema daraja la waenda kwa miguu lipo, hawataki kulitumia, kwa hiyo wakigongwa wamejitakia. Wakenya waliyasikia sana haya baada ya Thika Road kukamilika 2012, kilomita kama 50, sehemu kubwa leni nane, madaraja ya waenda kwa miguu yapo lakini watu wakawa wanavuka chini na kugongwa. Hebu tupige hesabu kidogo. Daraja lazima lori lipite chini yake, kwa hiyo weka mita 5 na nusu kwenda juu. Mtu wa kiti cha magurudumu ili apande bila kusukumwa anahitaji kama mita 12 za mteremko kwa kila mita 1 ya kupanda, yaani mita 66 kupanda na 66 kushuka, hapo hujavuka kwenyewe na hujahesabu kutoka kituoni mpaka lilipo daraja. Wakiweka ngazi tupu ndo kabisa, yule wa kiti ameshafungiwa, na mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la samaki kichwani anaangalia zile ngazi anaangalia barabara, anashuka barabarani. Na usiku kama taa hazipo, mwanamke gani atapanda peke yake saa tatu? Huo sio uzembe jamani, mtu amepima hatari mbili akachagua moja.

Ukweli ni kwamba watu wanavuka pale wanapohitaji kuvuka. Kituo cha daladala kikiwa huku na soko likiwa kule, watavuka hapohapo. Basi kivuko kiwekwe hapo, chini, usawa wa barabara, chenye taa na kisiwa cha kusimama katikati. Kisiwa watu wanakiona kitu kidogo lakini angalia, leni nne za mita 3 na nusu ni mita 14, mtu wa mwendo wa kawaida anazimaliza kwa sekunde kama 12, na kwa sekunde hizo gari la spidi 80 limeshatembea zaidi ya mita 260. Yaani ulipoanza kuvuka, hilo gari hata hukulihesabu. Ukiwa na kisiwa unavuka leni mbili kwa sekunde 6, unasimama, unaangalia upande mmoja tu, unamalizia. Bibi yangu wa miaka 70 na kitu anahitaji hicho kisiwa kuliko anavyohitaji daraja.

Lingine: barabara ikiwa pana na imenyooka ndo salama. Kwa aliye ndani ya gari labda, kwa aliye nje hapana, kwa sababu dereva akiona nafasi anakanyaga mafuta, kibao cha 50 kikae hapo au kisikae. Na spidi ndo inayoua. Shirika la Afya Duniani wanasema mwenda kwa miguu akigongwa na gari la spidi 65, hatari ya kufa ni mara 4 na nusu ya ile ya spidi 50. Tofauti ya 15 tu! Kwa hiyo leni nyembamba kidogo mjini, kona kali kidogo kwenye makutano ili gari lipunguze kabla ya kukata, vitu hivyo vinaokoa watu bila hata trafiki kusimama pale.

Halafu kuna wa "zebra ishachorwa, elimu ndo inatakiwa." Elimu sawa, lakini mtoto wa darasa la pili utamfundisha nini kuhusu dereva asiyesimama? Rangi haisimamishi gari. Hapa hapa Dar kuna mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, wanaenda shule zenye watoto wengi wanaogongwa, wanaweka matuta, njia ya miguu, vivuko, vizuizi, na geti la shule linahamishwa lisitokee barabara kubwa ikibidi. Utafiti ukaonyesha majeruhi wamepungua kwa asilimia 26 hivi, na 2019 wakashinda tuzo ya kimataifa ya miji inayoitwa WRI Ross. Wamebadilisha barabara, sio watoto.

Baiskeli sasa. Eti hakuna waendesha baiskeli, njia yao ni hasara. Amka saa kumi na moja alfajiri uangalie anayeleta mikate dukani kwako, anayebeba mkaa, fundi anayewahi saiti, wengi wako juu ya baiskeli, wamebanwa kati ya daladala na mtaro. Na wangapi wameacha kwa woga? Huwezi kuhesabu wanaoogelea mtoni kwenye mamba ukasema daraja halihitajiki. Ila na njia yenyewe iwe njia, iinuliwe au iwe na kingo na nguzo fupi, maana mstari wa rangi peke yake ndani ya wiki umeshakuwa kijiwe cha bodaboda na paking ya magari.

Wanaosema haya ni mambo ya Ulaya nao wajue Uholanzi mwaka 1971 walikufa barabarani watu kama 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto, wazazi wakaandamana, ndo zile njia za baiskeli zikaanza kujengwa kwa nguvu. Hawakuzaliwa nazo. Nairobi wenyewe walipitisha sera 2015 ya usafiri usio wa injini.

La mwisho ndo linalotumaliza: "njia za miguu tutaongeza baadaye." Baadaye nguzo ya umeme imeshasimamishwa katikati ya njia, mtaro hauna mfuniko, maduka yamesogea, na kubomoa ni gharama kuliko kuchora tangu mwanzo. Barabara ya mabasi ya mwendokasi hapa Dar, Kimara mpaka Kivukoni, iliyoanza 2016, njia za miguu na baiskeli zilikuwa ndani ya mchoro toka siku ya kwanza, ndo maana zipo. Kwa hiyo mkiitwa mkutano wa mtaa kuonyeshwa mradi, msiishie kuuliza fidia, ombeni mchoro wa barabara ikiwa imekatwa upande kwa upande, muulize njia ya miguu ni mita ngapi baada ya kutoa nguzo na mtaro, kivuko kiko umbali gani kutoka kituoni, kisiwa kipo au hakipo, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.