Travailler haikuanza kama "kazi"

Wiki hii nimetumiwa tena ile meseji, mara ya tano sasa, eti travailler, kitenzi cha Kifaransa cha "kufanya kazi", imetoka kwenye tripalium, chombo cha mateso cha Warumi, kwa hiyo Wafaransa walishajua zamani kwamba kazi ni mateso. Jamani.

Tripalium ipo, sibishi. Miti mitatu, tres (tatu) na palus (mti) za Kilatini, na mtaguso wa Auxerre, mkutano wa maaskofu huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 6 unakataza makasisi kusimama penye trepalium watu wakiteswa. Sauti nazo zinakubali, p ya Kilatini kugeuka v kwenye Kifaransa ni kawaida, ripa (ukingo) imekuwa rive, sapere (kujua) ikawa savoir. Tusonge.

Kinachonikera ni pale mtu anaporuka kutoka mateso moja kwa moja mpaka ofisini. Kwenye Kifaransa cha kale travailler haikuwa kufanya kazi! Ilikuwa kutesa, kuteseka, kuchoka, na ilikuwa ya mama mwenye uchungu, mpaka leo hospitali za Ufaransa zina salle de travail, sisi tunasema mama yuko leba. Kazi ya kila siku ilikuwa na vitenzi vyake, ouvrer na labourer, na fundi au mkulima alivitumia bila kumuwaza mtesaji yeyote. Baadaye labourer ikabanwa ikabaki kulima kwa plau, ouvrer ikagongana na ouvrir (il ouvre, anafungua au anafanya kazi?), na travailler ambayo njiani ilishapunguza makali ikawa kuhangaika, kujitahidi, ndo ikajaza lile pengo, na ni karne ya 16 hivi maana ya kazi inashika kwelikweli. Ouvrer imeacha alama: jours ouvrables ni siku za kazi, SIYO siku maduka yanafunguliwa!

Halafu kuna hili vitabu vya shule vinalipita kimya. Kitenzi cha Kilatini tripaliare, kile kinachounganisha tripalium na travailler, hakijakutwa kwenye andiko lolote, wataalamu wamekiunda, ndo maana kamusi zinakiwekea kinyota. Na travail, nomino ya "kazi", pia ni fremu ya mbao ya mhunzi, wingi wake travails, siyo travaux kama wa kazi: ng'ombe anaingizwa katikati ya nguzo, mikanda inapita chini ya tumbo, mguu mmoja unainuliwa na kufungwa ili apigiliwe chuma kwenye kwato. Wapo wanaoona hapo asili ya travail ni trabs ya Kilatini, boriti, mzizi uleule wa entraver, kufunga miguu au kuzuia. Mimi bado naegemea tripalium, ila siku hizi nikiiandika ubaoni naweka alama ya kuuliza pembeni.