Gastrini kushuka: maana yake nini?

Ukila maharage au nyama, protini ikishafika tumboni kuna seli ndogo zinazoamka. Zimekaa kwenye ukuta wa sehemu ya mwisho ya tumbo, karibu na mlango wa utumbo mwembamba. Hizo hutoa homoni iitwayo gastrini. Homoni hii haichanganyiki na chakula. Huingia kwenye damu, ikazunguka mwili, kisha ikarudi kwenye tumbo lile lile kuliamuru litoe tindikali. Tindikali ikizidi ukali, gastrini hupungua yenyewe.

Hapo ndipo wengi hujichanganya. Wanadhani tindikali ikipungua, basi na gastrini imepungua. Mara nyingi huwa kinyume: anayemeza omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, kwa miezi, gastrini yake hupanda, maana seli zinaona tindikali haitoshi na zinazidi kuiita.

Sasa gastrini hushuka lini? Sababu iliyo wazi zaidi ni upasuaji. Sehemu ile ya mwisho ikikatwa, tuseme kwa sababu ya saratani, seli zake zimekwenda nayo. Nyingine ni bakteria wa H. pylori, ambao mwanzoni huipandisha, lakini wakikaa miaka mingi wanaweza kuuchakaza ukuta huo hadi seli zikaisha.

Kipimo ni cha damu, hutolewa asubuhi kabla hata ya chai. Kwa aliyefunga kula, chini ya pikogramu 100 kwa mililita ni kawaida, kwa hiyo namba ndogo peke yake si ugonjwa. Kusema kweli, madaktari hukiagiza zaidi wakitafuta gastrini iliyopanda.

Kidonge cha kurudisha gastrini hakuna, na siki wala ndimu haziotishi seli zilizokufa. Kinachotibiwa ni chanzo na madhara yake. H. pylori hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14, na dozi haikatizwi kwa sababu kiungulia kimetulia. Aliyeondolewa sehemu ya tumbo hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na hupimwa damu kuangalia madini ya chuma na vitamini B12. Hii B12 huwa na akiba kwenye ini, kwa hiyo upungufu huja kimyakimya: mtu amepona kidonda cha upasuaji, amesharudi kazini, miaka inapita, ndipo miguu inaanza kufa ganzi. Huyo hupewa sindano za B12, mara nyingi kwa maisha yake yote.