Kuhesabu Kiojibwe: hiyo "aa" siyo ya kaa, jamani

Wiki hii tena mwanafunzi wangu wa Kiojibwe (lugha ya wenyeji asilia wa Kanada na Marekani) kaniambia, "mwalimu hiki rahisi, kinasomwa kama kilivyoandikwa, kama Kiswahili chetu." Nimechoka kuisikia hii. Ndo maana watu wanasoma naanan (5) na-a-nan, silabi 3, utadhani wako chekechea. Aa, ii na oo ni silabi MOJA iliyovutwa, siyo mbili kama kwenye kaa au tii. Kwa hiyo naa-nan, basi, na ile a ya mwisho ni fupi, hafifu, usipanue mdomo kama uko kwa daktari wa meno. Halafu e inaandikwa moja tu lakini ni ndefu siku zote, kwenye bezhig (1) ivute.

Mtu anauliza, kwani urefu una shida gani? Haya, 7 ni niizhwaaswi, 8 ni nishwaaswi (wengine husema ishwaaswi). Fupisha ii, legeza zh iwe sh, ushampa mtu 8 wakati mkononi unazo 7. Mi nawaambia angalieni ndani ya neno: niizh ni 2, yani 5 ukaongeza 2, na hiyo nish- ni ndugu yake niswi, 3. Ukishaiona hivo huchanganyi tena.

Eti zh ni z tu. Hapana, na siyo j pia, j wanayo yao. Anza na sh ya shati, ishikilie, afu washa koo, weka kidole hapo shingoni ukisikia linatetemeka umefika. Fanya ukiosha vyombo, dakika 5 kila siku, hakuna aliyenisikiliza akashindwa.

Kile kialama ' siyo cha ng'ombe. Kwenye ma'iingan, mbwa mwitu, unakata pumzi kooni kidogo ndo unaendelea.

Ukisikia mzee wa kisiwa cha Manitoulin kule Kanada anasema ngodwaaswi, na wa Minnesota, jimbo la Marekani, anasema ingodwaaswi, zote ni 6, usikimbilie kumsahihisha mtu, upande wa mashariki wanameza irabu fupi.

Kuanzia 11 ndo mteremko, midaaswi ashi-bezhig, kumi na moja kabisa kama sisi. Ila ukifika 15 ukaniambia ashi-na-a-nan, tunarudi moja.